Wavu wa mbu na kivuli cha dirisha kwa vishikio vinavyorekebishika: somo kwa nyumba za Goma

Madirisha mengi ya Goma hayana pembe mraba. Ukuta umepandishwa juu ya lava iliyosawazishwa kwa nyundo, fremu ya chuma imechomelewa mahali pengine kisha ikapachikwa kwa saruji, na tofauti ya sentimita moja au mbili kati ya upana wa juu na wa chini ni jambo la kawaida. Wavu uliokatwa kwa kipimo kimoja tu huacha mwanya upande mmoja na kukwama upande mwingine. Dawa yake si kupindisha fremu ifuate ukuta. Fremu ibaki mraba; kishikio ndicho kifuate ukuta.

Kanuni moja kabla ya kushika vifaa: kurekebisha ni kazi ya siku ya kufunga. Ukishapata mahali, kishikio kifungwe kisiweze kusogea hata nati ikilegea. Wanaosahau sehemu hii ya pili ndio ambao vivuli vyao (vipaa vya nje vya kukinga jua) huokotwa uani kwa jirani baada ya mvua ya upepo.

Mfano wa somo hili ni dirisha la sm 120 kwa sm 120, ukuta wa matofali ya saruji yenye matundu, mbawa mbili zinazofunguka nje, vyuma vya kuzuia wezi kwa ndani. Wavu utakaa chumbani, kivuli nje.

Kupima

Pima upana mara tatu (juu, katikati, chini) na kimo mara tatu, kisha pima kona kwa kona. Chukua kipimo kikubwa kuliko vyote, ongeza sm 2.5 kila upande ili fremu ilalie ukuta. Kwa mfano wetu fremu ni sm 125 kwa 125. Weka nivo (pimamaji) juu ya plasta kuzunguka dirisha pia: kama plasta ina tumbo, andika kwa penseli ni milimita ngapi. Namba hiyo utaihitaji wakati wa kurekebisha kina.

Fremu na wavu

Hapa hatukawii. Mbao kavu ya sm 4 kwa 2, jumla mita 6 na nusu pamoja na kipande cha katikati. Mkaratusi mbichi usiutumie, hupinda ukikauka, na hakuna kishikio kitakachonyoosha fremu iliyopinda kama bawa. Wavu uwe na tundu la mm 1.2 hadi 1.5, mdogo kuliko huo huzuia hewa bila faida kwa mbu. Nyuzi za kioo zilizofunikwa plastiki zinafaa Goma kuliko alumini: alumini huliwa na saruji mbichi na pia na mvua yenye asidi. Kata m 1.35 kwa 1.35, bana kwa pini, funika kwa ubao mwembamba.

Vishikio vya wavu

Unahitaji viwili, vyote upande mmoja wa fremu, sm 20 kutoka juu na sm 20 kutoka chini. Kila kimoja kina vipande viwili.

Cha ukutani ni chuma cha pembe cha mm 40 × 40 × 4, urefu sm 6. Ubavu mmoja unalala ukutani, mwingine unatokeza kama rafu. Ubavu wa ukutani una tundu refu la wima, mm 8 kwa 30: hilo linakupa juu na chini. Rafu ina tundu refu linaloelekea chumbani, mm 9 kwa 25: hilo linakupa kina. Ndani ya tundu la rafu simamisha boliti ya M8 (unene wa mm 8) yenye urefu wa mm 40, kichwa chini, nati juu ikiibana rafu. Nyuzi za boliti zinazobaki juu ya nati ndizo egemeo la wavu.

Cha fremu ni chuma cha pembe hichohicho, urefu sm 8. Nusu inafungwa kwenye uso wa mbao, nusu inapita ukingo wa fremu. Nusu ya mbao ina matundu mawili marefu ya kulala, mm 6 kwa 20, nayo yanakupa kushoto na kulia. Kwenye ubavu wa kulala, ile nusu inayopita ukingo, toboa tundu la mviringo la mm 9, litakalovaa boliti.

Tundu refu halihitaji mashine maalumu. Toboa matundu matatu yanayokaribiana kwa mstari, kata vizuizi vilivyobaki, nyoosha kwa tupa. Kingo zikibaki na meno, washa (kisahani cha chuma chini ya nati) haikai bapa na nati italegea.

Upande wa pili wa fremu weka vigeuzi viwili vya mbao au chuma, vinavyozunguka juu ya visi (skrubu) moja kila kimoja. Wavu lazima ufunguke, kwa sababu mkono wa kufungia mbawa uko nyuma yake. Nyavu nyingi zilizopigiliwa misumari moja kwa moja zimechanwa na wenye nyumba wenyewe, siku ya kwanza walipotaka kufunga dirisha.

Kufunga na kurekebisha wavu

1. Toboa ukuta mm 8, weka sheviye (plagi ya plastiki inayoshika visi tunduni), tumia visi ya mm 5 kwa 70 na washa pana. Urefu huo una sababu: plasta inaweza kuwa na unene wa sm 2, na sheviye iliyoishia kwenye plasta haijashika kitu. Visi ikae katikati ya tundu refu, usikaze sana.
2. Vika fremu kwenye boliti mbili. Anza na kimo: sukuma vishikio vya ukutani mpaka nivo juu ya fremu itulie.
3. Halafu kushoto na kulia, mpaka ulalio (sehemu ya fremu inayolalia ukuta) wa pande zote mbili ulingane.
4. Kina huja mwisho. Pale plasta ilipo na tumbo, vuta boliti kwenye rafu kuelekea chumbani kwa milimita ulizoandika. Fremu iguse ukuta bila kusukumwa.
5. Kaza vyote. Kisha toboa tundu la mviringo kwenye kila kipande cha ukutani, pembeni mwa lile refu, na utie visi ya pili. Hiyo ndiyo kufuli.
6. Bandika ukanda wa sponji au mpira nyuma ya fremu. Usiku washa taa ndani, mtu asimame nje: panapotoka mwanga pembeni mwa fremu, mbu anapita.

Kivuli cha nje

Goma iko karibu sana na ikweta, kama digrii 1.7 kusini. Jua la saa sita mchana liko juu mno kusumbua dirisha. Linalochoma ni la asubuhi upande wa mashariki na la alasiri upande wa magharibi. Saa kumi alasiri, jua liko digrii 30 hivi juu ya upeo. Kivuli chenye kina cha sm 80 kilichoinama digrii 15 chini ya usawa hufunika kama sm 65 saa hiyo, kuanzia pale kinaposhika ukuta. Kikishushwa hadi digrii 45 kinafunika karibu sm 90. Ndiyo maana mkono wake lazima urefuke na kufupika.

Fremu ni bomba la mraba la mm 25, sm 140 kwa 80, yaani sm 10 zaidi ya dirisha kila upande. Funika kwa turubai la PVC la lori lililovutwa kwa kamba ya nailoni. Bati linafaa pia, ila kwa mvua za hapa chumba kitakuwa ngoma.

Juu, chuma bapa cha mm 40 × 4 chenye urefu wa sm 140 kinafungwa ukutani kwa boliti nne, na bawaba mbili nzito zinachomelewa hapo. Matundu ya chuma hiki yawe marefu kwa kulala, kamwe si kwa wima. Uzito wa kivuli unavuta chini. Ukiupa tundu la wima, umeupa njia. Ukishapata nivo, ongeza boliti moja ya tundu la mviringo kila mwisho.

Mikono ni miwili. Bomba la nje mm 30 lenye ukuta wa mm 2, urefu sm 40. La ndani mm 25, urefu sm 45. Mguu wa mkono uwe ukutani sm 60 chini ya bawaba, na kichwa chake kishike fremu sm 60 kutoka bawaba. Kwa mpangilio huo, umbali wa boliti hadi boliti ni sm 73 kwa digrii 15, sm 60 kwa digrii 30, sm 46 kwa digrii 45. Hata ukirefuka kabisa, bomba la ndani lisibaki chini ya sm 10 ndani ya la nje, la sivyo litapindia kwenye kiungo.

Toboa bomba la ndani mm 9 kila sm 5. Bomba la nje litoboe mawili tu, yaliyoachana sm 7.5. Hapo utapata hatua za sm 2.5 bila kugeuza bomba kuwa chekecheke: tundu la kwanza lisipolingana, la pili litalingana. Pini ni boliti ya M8 inayopita pande zote na kufungwa nati. Usikubali ile boliti ya kubana bomba kwa ncha. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unasukuma kama kilo 20 kwa kila mita ya mraba, na kivuli hiki kina zaidi ya mita moja ya mraba. Tena upepo huingia kwa chini na kuinua, kwa hiyo mkono unavutwa, na bomba lililobanwa kwa ncha huchomoka.

Kwenye tofali lenye matundu, sheviye haibebi kivuli. Pitisha fimbo ya nyuzi (chuma chenye nyuzi za boliti urefu wote) ya M8 ukuta mzima, kama sm 22, na kibao cha chuma cha sm 8 kwa 8 upande wa chumbani. Tundu literemke kidogo kuelekea nje ili maji yasiingie.

Maswali ya wanachama kutoka mitaa ya Goma

Mama wa Majengo: Fundi, aksanti kwa somo. Kwetu nyumba ni ya mbao. Hizo fimbo za kupita ukuta zinashika wapi?

*Jibu:* Mama, usishike ubao wa ukuta, shika nguzo. Gonga ukutani usikie mahali panapojibu kwa sauti nzito, au fuata mstari wa misumari. Kama nguzo haiko mahali unapotaka, weka kwa ndani gogo la sm 5 kwa 7 linalofika nguzo mbili, kisha boliti zipite ubao na gogo pamoja. Kwa wavu peke yake, visi ya mbao ya sm 4 ndani ya nguzo inatosha.

Mwanachama wa Himbi: Ukuta wangu ni wa mawe ya volkano. Mashine inatoboa, mara inazama ghafla, sheviye inazunguka tu.

*Jibu:* Umefika kwenye uwazi ndani ya jiwe. Mawe haya yamejaa mapovu. Zima mpigo, toboa kwa mzunguko tu mpaka uingie, kisha endelea. Ikizama, panua tundu hadi mm 16, lioshe vumbi, jaza uji mzito wa saruji na uzamishe fimbo ya nyuzi iliyopindwa mwisho. Siku saba bila kuigusa. Vumbi likibaki ndani, saruji inashika vumbi badala ya jiwe.

Papa wa Katindo: Mkubwa, boliti za galva (zilizopakwa zinki) nilizofunga zimeota kutu upesi, na sehemu nyingine nasikia zinadumu miaka. Zilikuwa feki?

*Jibu:* Si lazima ziwe feki, Papa. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya salfa, na mvua inayopita humo hushuka na asidi inayokula zinki. Mabati ya paa yanateseka vilevile. Kwa nje tumia inoksi (chuma kisichoota kutu) kwenye pini na bawaba. Zilizobaki zipake rangi ya kuzuia kutu mara mbili, ukianza ndani ya matundu, maana kutu huanzia pale tupa ilipopita. Majivu yakishuka, yamwagie maji. Usiyapanguse makavu, yanakwaruza rangi.

Mwanachama wa Keshero: Nikishusha kivuli digrii 45, mbawa za dirisha zinagonga turubai.

*Jibu:* Zitagonga tu. Bawa la sm 60 linahitaji sm 60 za nafasi, na kivuli kilichoshuka hivyo hakiiachi. Bawaba ikiwa sm 20 juu ya bawa, digrii 15 zinaruhusu kufungua kote. Digrii 45 zinaruhusu ufa wa sm 20. Ama unapandisha bawaba ukutani, ama dirisha linabadilishwa liwe la kuteleza.

Mpangaji, Ndosho: Mwenye nyumba hataki tundu hata moja. Nifanyeje?

*Jibu:* Wavu unawezekana. Tengeneza fremu ndogo kuliko uwazi wa dirisha kwa sm 2 kila upande, ikae ndani ya uwazi. Pande mbili tia fimbo fupi za nyuzi za M8 zenye mguu wa mpira, mbili kila upande, na nati inayozisukuma kwenye ukuta. Kaza kwa zamu, kushoto na kulia, la sivyo fremu itapinda. Mwanya unaobaki funika kwa ukanda wa mpira. Kivuli kwa njia hiyo, hapana. Hakuna mguu wa mpira utakaoshinda upepo.

Mama wa Majengo tena: Na mbu wanaopita juu, kati ya ukuta na mabati?

*Jibu:* Hao hawazuiwi na kazi yote hii, Mama. Nafasi ile izibwe kwa wavu huohuo uliopigiliwa kwenye ubao wa juu wa ukuta na kwenye papi zinazobeba mabati. Hewa ya moto itatoka, mbu hawataingia. Anza na chumba wanacholala watoto, na uzibe kabla hujagusa madirisha.