Kibarua cha sikukuu Tanga: jinsi ya kufanya kazi mgahawani na dukani, na ulipwe

Desemba ikishafika katikati, migahawa ya Raskazone na maduka ya Ngamiani hutafuta watu wa kuongeza nguvu, na wengi wenu mtaitwa kwa simu tu: "Njoo kesho asubuhi." Wadogo zangu, msiende hivyo hivyo. Nimehudumia meza na kukaa kaunta miaka mingi. Anayenung'unika Januari ni yule aliyeona haya kuuliza Desemba.

Uliza ujira wa siku ni shilingi ngapi, unalipwa lini, chakula ni cha nani, na usiku unarudije nyumbani. Hilo la mwisho watu hulidharau. Unakaa Mabawa, mnafunga saa saba usiku mkesha wa mwaka mpya, bodaboda anataja bei anayoitaka yeye. Basi nusu ya kibarua imeishia njiani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, ovataimu ilipwe mara moja na nusu, na saa za siku ya mapumziko ya kitaifa zilipwe mara mbili ya ujira wa msingi. Tarehe 25 na 26 Desemba zimo, Januari mosi imo, Idd imo. Ukiingia na vifungu vya sheria mkononi, bosi atatafuta mwingine. Uliza kwa adabu: "Bosi, tarehe 25 tunahesabuje?" Atajua kwamba unajua.

Ukiwekwa kaunta, hesabu chenji ya kuanzia mbele ya aliyekupa, muandike, msaini wote wawili. Shoti, yaani pesa kupungua kaunta, ikitokea usiku, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea. Siku ya sikukuu kila mtu anakuja na noti ya elfu kumi, kwa hiyo tafuta chenji jana yake. Makonda wa daladala wana sarafu tele na wanapenda kubadilishiwa noti. Wageni wa Mombasa wanaopitia mpaka wa Horohoro wakitoa shilingi za Kenya, waelekeze wakabadilishe kwanza. Kanuni za 2025 zimekataza malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Kwenye lipa namba ndiko watu wanakolizwa. Mteja ananyanyua simu yake: "Dada, nimeshatuma, ona meseji." Meseji iliyo kwenye simu yake haikuhusu. Mwambie, "Ahsante kaka, kaa kidogo iingie," halafu tazama simu ya kaunta: jina, kiasi, saa. Mwenye haraka ya kweli atakaa. Wa aina nyingine atakumbuka ghafla kwamba ana noti mfukoni. Na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, toa hata foleni ikifika barabarani.

Mezani, kabla hujaandika oda, pita jikoni uulize kilichobaki. Usimuuzie mtu changu wa kukaanga kumbe wa mwisho yuko kwenye sinia la meza ya jirani. Samaki akitaka dakika arubaini, sema arubaini. Ukisema "sasa hivi" utaitwa kila baada ya dakika tano, na watoto wametoka baharini na njaa yao. Wape kachori au mihogo ya kuanzia. Wazee waamkie shikamoo kwanza, oda baadaye. Hapa Tanga hilo halina msimu.

Dukani shida ni miguu. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, na nguo za watoto zipange kwa umri kabla ya kufungua, maana akina mama wa sikukuu hawaulizi saizi, wanasema, "Nipe ya miaka sita."

Kama mmekubaliana kulipana mwisho wa msimu, tarehe 2 Januari usikae kungoja simu. Nenda asubuhi, na daftari lako la siku na saa, kabla bosi hajatoka kwenda kufuata mzigo mpya.