Kabati la boksi likae kama la fundi: anza na kuunganisha, rangi ije mwisho

Siku hizi Kariakoo unanunua kabati zima la nguo likiwa limelala ndani ya boksi bapa. Unalipakia kwenye kirikuu, jioni unaliunganisha sebuleni kwa bisibisi na kile kifunguo kidogo kilichopinda. Mimi kazi yangu ni kupanga vyumba vya watu: maharusi, wapangaji wapya, wenye nyumba wanaotaka kupangisha vyumba vikiwa na vitu ndani. Wengi wao wangetamani kabati la mninga la mafundi wa Keko, Dar, ila mfuko haujafika huko, kwa hiyo tunaanza na boksi. Na boksi linaweza kupendeza kweli, mgeni akaingia akauliza umechongesha wapi.

Mtu akinipigia simu kuhusu kabati la namna hii, swali lake la kwanza karibu kila mara ni rangi gani apake. Rangi isubiri. Jicho linatambua kitu cha bei ndogo kwa mapengo ya milango yasiyolingana, kingo zilizobanduka zikaonyesha chenga za mbao, vijiguu vya plastiki na vishikio vyepesi. Ukivirekebisha hivyo vinne, hata rangi ileile ya kiwandani inaanza kuheshimika.

Tuanze na kuunganisha, maana kabati lililokaa upande haliponi. Kabla hujapigilia ubao wa nyuma, laza kabati kifudifudi, chukua futi kamba, pima toka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha upande wa pili. Vipimo viwili vikilingana, kabati liko sawa. Kimoja kikizidi, sukuma taratibu pembe zile zenye kipimo kirefu mpaka vilingane, ndipo upigilie. Ule ubao wa nyuma wanaokupa huwa mwembamba sana, tena mara nyingine umekunjwa katikati kwa gundi ya karatasi. Mimi nautupa, nakata plaiwudi ya milimita 6, naifunga kwa skrubu fupi badala ya vile vimisumari. Kabati linaacha kutikisika, na milango inapofungwa mlio wake unakuwa mzito. Kwenye vijiti vya mbao vya kuungia tia tone la gundi nyeupe ya mbao ndani ya tundu. Ila kama umepanga na unajua utahama, acha gundi kabisa, kwa sababu hutaweza kulifungua tena bila kulivunja.

Likishasimama, weka pima maji juu yake. Sakafu nyingi za nyumba zetu hazina usawa, na milango ya kabati ndiyo inayoonyesha hilo kwanza. Weka vipande vya plastiki ngumu chini ya pembe iliyoshuka mpaka povu litulie katikati. Kisha njoo kwenye bawaba. Zile bawaba za kujificha zina skrubu za kurekebishia, na watu wengi hawajawahi kuzigusa. Kwa kawaida skrubu iliyo karibu na mlango inausogeza mlango kushoto na kulia. Ya nyuma yake inausogeza ndani na nje. Zile mbili zilizoshika kibati kwenye ubavu wa kabati, ukizilegeza kidogo, mlango unapanda au unashuka. Chukua kadi tatu za benki, zibananishe, zipitishe katikati ya milango miwili toka juu mpaka chini. Unene wake ni milimita mbili na ushee, na hilo ndilo pengo unalolitaka. Kadi zikikwama mahali, au zikipwaya, geuza skrubu robo mzunguko ujaribu tena. Kazi hii haina gharama hata senti moja, na kwangu ndiyo inayobadilisha kabati kuliko zote.

Sasa miguu. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimeona makabati mengi sana yakifa kwa sababu ya deki. Dar watu wanadeki kila asubuhi, wengine na jioni, na maji ya deki yanasimama pale kabati linapokutana na vigae. Chipubodi ni chenga za mbao na gundi zilizokandamizwa. Maji yakipenya kwenye ukingo wa chini inavimba, na ikishavimba hairudi. Ndiyo maana makabati mengi ya boksi chini yanakuwa yametutumka, karatasi ya juu imepasuka, na hakuna rangi inayoweza kuficha hilo.

Kwa hiyo kabla hujalisimamisha, ligeuze, paka kingo zote za chini vanishi au rangi ya mafuta mara mbili, iingie mpaka ziache kunywa. Kisha lipandishe toka sakafuni. Kwa stendi ya TV, kabati fupi au meza ya kujipambia, nenda Keko kwa wanaochonga, omba miguu minne ya mninga au mkongo yenye urefu wa sentimita 12 hadi 15. Mara nyingi wanaitoa kwenye mabaki ya kazi nyingine, kwa hiyo bei inazungumzika. Usiifunge moja kwa moja kwenye chipubodi, kwa sababu skrubu itang'oka siku ya kwanza mtu akisukuma kabati. Kata kipande cha plaiwudi ya milimita 18, kifunge chini ya kabati kwa skrubu nyingi zilizotawanyika, halafu miguu ifungwe kwenye hiyo plaiwudi. Kabati refu la nguo sipendi kulipa miguu. Hilo natengenezea fremu ya mbao ya kukalia, iliyoingia ndani sentimita tano upande wa mbele ili isionekane ukiwa umesimama. Na juu lifunge ukutani kwa kibati cha pembe, hasa nyumba yenye watoto, maana mtoto akifungua droo akazipanda kama ngazi, kabati linamwangukia.

Kingo ndizo zinazofuata. Tazama rafu yoyote ya boksi kwa mbele: unene wake ni kama milimita 15, na mkanda wa plastiki umebandikwa juu yake. Wembamba huo ndio unaosema bei. Pasulia ukanda wa mbao halisi, unene sentimita moja na kimo sentimita nne, uuweke mbele ya rafu ukiwa umeshuka kidogo kwa chini. Bandua kwanza ule mkanda wa plastiki ili gundi nyeupe ipate pa kushika, tia gundi, bana kwa vibano usiku mzima. Asubuhi pitisha msasa, paka vanishi isiyong'aa. Rafu sasa inaonekana nene, na haipindi tena vitabu vikiwekwa. Kwa sehemu ambazo huwezi kuweka mbao, mkanda uliobanduka urudishe kwa ile gundi ya njano ya washona viatu: paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa isikunate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza kwa kipande cha ubao. Palipomong'onyoka pajaze kwa puti ya kunyooshea bodi za magari. Inauzwa Gerezani kwenye maduka ya rangi za magari, unaichanganya na kigumishi chake, inakauka haraka na inakuwa ngumu kuliko puti ya ukutani. Changanya kidogokidogo.

Vishikio usivinunue kwa kukadiria. Pima katikati ya tundu moja mpaka katikati ya jingine, utakuta mara nyingi ni milimita 96 au 128, uende dukani na kipimo hicho. Shika kishikio mkononi kabla hujaangalia rangi yake. Uzito ndio mkono wa mgeni utakaousikia. Nenda pia na sumaku ndogo. Kishikio kikivutwa na sumaku, ndani ni chuma kilichopakwa, na kwa hewa ya chumvi ya pwani kitatoka kutu pembeni kabla ya muda mrefu. Shaba haivutwi. Si kwamba kila kisichovutwa ni shaba, lakini angalau umeondoa vile vibaya zaidi. Kwenye makasha ya Zanzibar mafundi walipigilia misumari ya shaba juu ya mbao nyeusi, na mpaka leo macho hayachoki kuyatazama. Rangi iliyokolea na shaba kidogo ni mchanganyiko wetu wa tangu zamani, na kwenye kabati la boksi unafanya kazi vilevile.

Baada ya hapo ndipo rangi. Toa milango na droo zote, andika namba kwa penseli sehemu ya bawaba ili kila mlango urudi kwake. Uso wa kiwandani ni laini na rangi haishiki, kwa hiyo pitisha msasa namba 180 au 240 mpaka mng'ao upotee, bila kufika kwenye chenga. Futa vumbi, futa tena kwa kitambaa chenye thina kidogo. Paka praima ya kushikia, ile ambayo kopo lake linasema inafaa kwa melamini au nyuso laini, halafu rangi mara mbili nyembamba kwa rola ya sponji, ukipitisha msasa laini katikati. Brashi inaacha mistari, na mistari hiyo inaonekana sana taa ikiwaka. Kama una fundi wa kupuliza rangi za magari mtaani kwako, mpelekee milango tu, mwombe akumalizie kwa isiyong'aa. Kompresa yake inatoa uso ambao rola haiwezi kuutoa. Chagua Juni mpaka Agosti ukiweza. Wakati wa masika hewa ina maji mengi, rangi ya kupuliza inaweza kutoka na ukungu mweupe, na ya kawaida inanata siku nyingi. Hata ikishakauka kwa kugusa, subiri wiki mbili kabla ya kuweka chombo kizito au kikombe cha moto juu yake.

Kuhusu rangi zenyewe, msimamo wangu ni rangi moja tu kwa kabati zima: kijani kilichokolea, bluu ya usiku, udongo, au nyeupe iliyopoa. Zile stika za marumaru na dhahabu inayometameta kila kona sizipendi, zinainuka pembe kwa joto na zinavutia jicho kwenye kasoro. Ukitaka pambo, weka ukili, yale majani yaliyosukwa ya kutengenezea mikeka. Nunua mkeka mwembamba wa Pemba wenye rangi yake ya asili, kata kipande kiingie katikati ya mlango, kigandishe kwa ile gundi ya viatu, kisha zungushia fito nyembamba za mbao zifunike ncha. Mlango wa kawaida kabisa unakuwa na kina, na hakuna duka lenye kabati kama lako. Taa za ukanda ni sawa, mradi ziwe za mwanga wa njano na zijifiche nyuma ya ukingo, usione balbu.

Mwezi mmoja baadaye chukua bisibisi, kaza skrubu zote upya, kwa sababu chipubodi hulegea ikishabeba mzigo. Pitisha tena zile kadi tatu kwenye milango. Na anayedeki mwambie kamua dekio vizuri akifika kwenye kabati.