Kufuatilia hatia, ahadi na uongo katika A Grain of Wheat: somo na maswali

Somo hili ni la wanachama wa Nakuru, Kisumu na Kakamega wanaoandaa insha ya uchambuzi. Tunatumia A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967), ila hatua zenyewe zinafaa riwaya yoyote yenye siri.

Insha nyingi zinazotufikia zina vichwa vitatu: hatia, kuvunja ahadi, uongo. Kila kichwa kina aya zake, na matukio yaleyale yanasimuliwa mara tatu. Katika riwaya hii mambo hayo ni mnyororo mmoja: mtu anaahidi, anavunja, anaficha, kisha alichokificha kinamla. Fuata mnyororo, si vichwa.

Hatua ya 1. Panga wakati kabla ya kuandika chochote. Riwaya inaanza siku chache kabla ya Uhuru wa 12 Desemba 1963, kisha mbinu rejeshi inaturudisha kwenye Hali ya Hatari, ambayo serikali ya kikoloni iliitangaza 1952 dhidi ya wapiganiaji uhuru wa Mau Mau, mara nyingine kisa kikiwa ndani ya kisa kingine. Chukua fulskepu, piga mstari katikati. Kushoto andika mambo yalivyotokea. Kulia andika msomaji alivyoyajua, pamoja na nambari ya ukurasa. Utaona kwamba Mugo, mkulima mpweke wa kijiji cha Thabai, alimsaliti Kihika, mpiganaji wa msituni aliyenyongwa na wakoloni, miaka mingi kabla ya Uhuru, lakini ungamo lake mbele ya umma linakuja karibu na mwisho wa kitabu. Nafasi iliyo kati ya pande hizo mbili ndiyo inayojaa taharuki. Asiyefanya hatua hii huandika kana kwamba wanakijiji wa Thabai walijua tangu mwanzo, na insha nzima inapotoka.

Hatua ya 2. Chora safu nne: ahadi, uvunjaji, kificho, matokeo. Jaza mstari mmoja kwa kila mhusika. Wanne wanatosha: Mugo, Gikonyo, mkewe Mumbi, na Karanja aliyewatumikia wakoloni. Mbunge anayemzungusha Gikonyo kuhusu mkopo wa kununua shamba la mzungu Burton, kisha akalinunua mwenyewe, mwongeze ukiwa na nafasi. Yeye anaonyesha kwamba ahadi zinavunjwa hata Uhuru ukiwa mlangoni.

Tazama mstari wa Gikonyo. Ahadi yake ni kiapo cha wapiganiaji uhuru. Uvunjaji: akiwa kizuizini, kwa hamu ya kurudi kwa Mumbi, anakiri kiapo. Kificho: haachiliwi mara moja, na aibu hiyo anaibeba kimya. Matokeo: anaandamwa na sauti ya nyayo kwenye saruji, zile hatua za siku aliyokwenda kukiri. Sauti hiyo ina thamani kuliko sentensi kumi za “Gikonyo alijuta sana”. Hatia katika fasihi ithibitishwe kwa kitu kinachosikika au kuonekana.

Hatua ya 3. Tenganisha uongo na kunyamaza. Hapa ndipo alama nyingi zinapotea. Mugo hazungushi watu kwa hadithi ya kubuni. Wanakijiji wenyewe ndio wanaomfanya shujaa, kwa sababu alimkinga Wambuku, mwanamke aliyekuwa akipigwa kwenye mtaro waliolazimishwa kuuchimba, na kwa sababu hakukiri kiapo kizuizini. Hakuwa amekula kiapo chochote! Uongo wake ni kimya chake. Ukiandika “Mugo aliwadanganya”, eleza kwa njia gani, au ufute.

Hatua ya 4. Andika nani anaungama kwa nani. Gikonyo anamfungulia Mugo moyo wake. Mumbi naye anamweleza Mugo yaliyompata. Wote wanamwendea yule mwenye siri nzito kuliko zote, tena Mumbi ni dadake Kihika. Kinaya hicho kinastahili aya nzima.

Hatua ya 5. Sasa andika. Aya tano za maneno kama 100 zinatosha. Kila aya iwe na hoja kwa sentensi moja, ushahidi mara mbili, mbinu iliyotumika, na maana yake kwa hoja nzima. Aya ikikosa mbinu, ujue umesimulia tu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kisumu: Mwalimu, kitabu ni cha Kiingereza na insha ni ya Kiswahili. Nidondoe vipi?
Jibu: Simulia dondoo kwa usemi wa taarifa na utaje ukurasa. Usiweke tafsiri yako ndani ya alama za mtajo kana kwamba ni maneno ya mwandishi. Ukilazimika kunukuu, onyesha wazi kwamba tafsiri ni yako, na nukuu isizidi sentensi moja.

Mwanachama, Nakuru: Karanja alimdanganya Mumbi ili ampate. Hiyo si hoja nzuri ya uongo?
Jibu: Rudi kwenye ukurasa huo, ndugu. Habari kwamba Gikonyo anarudi ilikuwa ya kweli. Karanja alitumia ukweli huo wakati Mumbi amelegea kwa furaha. Andika hoja ya matumizi mabaya ya mamlaka, kwani wakati huo alikuwa chifu upande wa wakoloni. Hoja hiyo ina nguvu zaidi, na mtahini hawezi kuipinga.

Mwanachama, Kakamega: Wanafunzi wangu wanaandika kwamba hatia ya Mugo iliisha alipoungama. Niwasahihishe?
Jibu: Waulize matokeo ya ungamo ni yapi. Kwa Mugo ni kuchukuliwa na wapiganaji wa msituni ili ahukumiwe. Kwa Gikonyo ni kuanza kumtazama Mumbi upya. Kwa kijiji ni sherehe iliyopoteza furaha. Waandike yote matatu, kisha wajiamulie.

Mwanachama, Nakuru: Naweza kuweka kila kitu chini ya usaliti?
Jibu: Unaweza, ila utampoteza Mumbi. Yeye hakumsaliti mtu kwa adui, na hakuficha: mtoto aliyemzaa na Karanja yuko mgongoni mwake mumewe anaporudi. Ukitumia usaliti kama kichwa, mpe Mumbi aya yake, ueleze kwa nini Gikonyo anamhukumu kwa ukali kuliko anavyojihukumu mwenyewe.