Kabla hujatunga swali lenye majibu sahihi zaidi ya moja

Andika kwenye swali lenyewe kwamba majibu ni zaidi ya moja. Mwanafunzi amezoea kuzungushia herufi moja na kusonga mbele. Usipomwambia, kosa ni lako.

Hakiki majibu upya. Huku Nyanda za Juu Kusini mipaka imebadilika: Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Ukinakili swali la daftari la zamani utakuta Iringa bado inafika Ziwa Nyasa, wakati Ludewa, wilaya yake iliyogusa ziwa, ilishahamia Njombe.

Jibu ambalo usahihi wake ni wa "inategemea" lisiwemo kabisa.

Halafu alama. Amua zitakavyotolewa kabla karatasi haijadurufiwa, tena uandike kwenye mwongozo wa kusahihisha. Mimi sikuandika. Ulikuwa mtihani wa ujirani mwema, shule nne za huku Rungwe, na Jiografia nilitunga mimi: "Weka vema kwenye mikoa yote inayopakana na Ziwa Nyasa." Visanduku vitano: Mbeya, Njombe, Ruvuma, Iringa, Rukwa. Mwongozo wangu ulisema "alama 3", basi. Shule moja wakasahihisha kwa mtindo wa zote au sifuri. Sisi tukatoa alama moja kwa kila vema iliyokaa pake, bila kukata kitu.

Kijana mmoja wa nyuma kabisa aliweka vema visanduku vyote vitano. Akapata 3 kati ya 3. Binti anayeongoza darasa aliweka Mbeya na Ruvuma, Njombe akaiacha kwa kuwa hakuwa na uhakika. Akapata 2. Alikuja na karatasi mbili mkononi, yake na ya yule kijana, akaziweka mezani bila kusema neno. Mwalimu wa taaluma naye alikuwa anatazama.

Tukarudia kusahihisha shule zote nne, siku ya Jumamosi, mvua ya Tukuyu ikinyesha kama kawaida yake. Kwanza tukakata alama moja kwa kila vema ya uongo. Haikutosha: aliyeweka zote bado anabaki na 1, kwa sababu 3 kutoa 2 ni 1. Ilibidi tukate moja na nusu.

Siku hizi nasawazisha visanduku: vya kweli vitatu, vya uongo vitatu. Nimeongeza Songwe, ambayo inapakana na Malawi kupitia wilaya ya Ileje lakini ziwani haifiki, inanasa wengi. Vema ya kweli moja, ya uongo toa moja, chini ya sifuri hatushuki. Mweka-zote anaondoka na sifuri yake. Na wanafunzi waambiwe kwenye maelekezo kwamba kuna kukatwa, wasije wakalalamika baadaye, maana watalalamika.

Mengine unayajua. Mpe mwenzako ajibu mtihani kabla ya kudurufu. Majibu sahihi yasikae juu kila swali. Jumlisha alama mara mbili, na mwongozo usiuache mezani ofisini unapokwenda chai.