Jinsi ya kuomba video za ajali za ndege za kijeshi bila kumsumbua askari aliye kazini

Barua pepe yangu ya kwanza ya kuomba video ya ajali niliituma kwa afisa usalama wa kikosi kimoja cha ndege za kivita cha Marekani. Anwani yake niliikuta kwenye tovuti ya kambi, nikajiona mjanja. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu ndege yao ianguke. Nikaomba "video yoyote mliyonayo, hata ya simu". Jibu lilikuja baada ya siku mbili, mistari miwili: aliyekufa alikuwa rafiki yangu, maombi ya namna hii yana ofisi yake. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Tangu siku hiyo nimepeleka maombi mengi. Mengine yalizaa, mengine yaligonga mwamba, lakini hakuna hata moja lililokwenda kwa askari. Naandika kuhusu Marekani kwa sababu akiba kubwa ya kanda hizi iko huko, na sheria yao inamruhusu mtu yeyote kuomba, hata wewe uliyeko Tanga au Kisumu. Ni Sheria ya Uhuru wa Habari, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 4 Julai 1966. Haiulizi pasipoti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016, kwa kulinganisha, haki hiyo inampa raia.

Hatua ya 1: Mwache askari afanye kazi yake

Tarehe 24 Januari 2022, ndege ya F-35C ilikuwa inarudi kutua kwenye manowari ya kubebea ndege, USS Carl Vinson, katika Bahari ya China Kusini. Ikaja chini mno, ikagonga ukingo wa nyuma wa sitaha, ikateleza huku inawaka moto na kutumbukia majini. Rubani alijirusha na kiti chake. Watu saba waliumia, naye akiwamo. Siku chache baadaye video ilikuwa mikononi mwa kila mtu: kuna aliyeelekeza simu yake kwenye skrini ya kamera za sitaha akarekodi. Mabaharia watano, mmoja wao afisa, wakafunguliwa mashtaka ya kukiuka amri halali.

Ndiyo maana nikimwona mpenzi wa ndege anamwandikia baharia "kaka, huna klipu yoyote?" huwa nashika kichwa. Unamwomba akuuzie kazi yake, tena bure.

Na klipu yenyewe haikueleza kitu. Aliyetaka kujua ilikuwaje alisubiri mpaka Februari 2023, ripoti ya uchunguzi ilipotolewa. Humo ndimo tuliposoma kwamba rubani alikuwa anajaribu kwa mara ya kwanza namna ya kukata kona kwa kasi juu ya manowari ili atue haraka, na katika haraka hiyo hakuwasha mifumo miwili inayomsaidia rubani kushika nguvu ya injini na njia ya kushukia. Nilikuwa nimeitazama ile klipu mara ishirini au zaidi, nikaapa kwamba ni injini.

Wastaafu ni habari nyingine. Wengi wanapenda kuzungumza, hasa ukiwauliza kuhusu kazi badala ya vifo. Lakini muombe simulizi, usimuombe kanda. Kanda iliyolala ndani ya sanduku gereji kwake inaweza kuwa bado ni mali ya serikali, na hutaki kuwa wewe uliyemfanya mzee wa watu aanze kutafutwa.

Hatua ya 2: Tafuta kwanza kilicho wazi

Nusu ya maombi ninayoona watu wakiandika ni ya vitu ambavyo tayari viko hadharani. Kabla hujaandika neno, pita sehemu tatu.

Ya kwanza ni DVIDS, ghala la picha na video la jeshi la Marekani. Ajali yenyewe huipati sana humo, ila utapata ndege ileile, kikosi kilekile, pengine hata siku za uokoaji.

Ya pili ni Nyaraka za Taifa za Marekani, kwenye jengo lao la College Park, Maryland. Filamu za zamani za jeshi zimehifadhiwa huko kwa mafungu yenye nambari: fungu la 342 ni la Jeshi la Anga, la 428 ni la Wanamaji, la 111 ni la kikosi cha mawasiliano cha Jeshi la Nchi Kavu. Katalogi yao iko mtandaoni na filamu nyingi zimeshageuzwa kuwa faili za kupakua bila malipo. Ukitafuta moto wa manowari USS Forrestal wa tarehe 29 Julai 1967, uliowaua watu 134, huhitaji kumwandikia mtu yeyote. Kamera za sitaha zilikuwa zinarekodi roketi ilipofyatuka yenyewe na kugonga ndege iliyojaa mafuta, na picha zile zilitumika miaka mingi kuwafundisha mabaharia kuzima moto.

Ya tatu ni ripoti za ajali za Jeshi la Anga, ambazo ofisi yao ya wanasheria huziweka wazi kwenye tovuti yake. Soma ripoti yote, pamoja na orodha ya viambatisho. Hatua inayofuata itakueleza kwa nini.

Hatua ya 3: Jua kwamba kuna uchunguzi wa aina mbili

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, nami niliangukia hapahapa kwa miaka miwili.

Ndege ya Jeshi la Anga ikianguka vibaya, huundwa bodi mbili. Ya kwanza ni Bodi ya Uchunguzi wa Usalama. Kazi yake ni kuzuia ajali ijayo, basi. Mashahidi wake wanaweza kuahidiwa kwamba watakachosema hakitatumika kuwaadhibu, ili fundi aliyesahau kukaza nati aseme "nilisahau" bila kuogopa. Maelezo hayo hayatoki. Mwaka 1984, katika kesi iliyohusu kampuni ya Weber Aircraft, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba jeshi halilazimiki kuyatoa hata mtu akitumia Sheria ya Uhuru wa Habari. Kwa hiyo ukiandika "naomba faili lote la uchunguzi wa usalama" umejikatalia mwenyewe kabla hata karani hajafungua barua.

Ya pili ni Bodi ya Uchunguzi wa Ajali. Hii ndiyo ya hadharani: inaandika ripoti kwa ajili ya familia, mahakama na wananchi. Vitu vya ukweli mtupu, kama vile data za kinasa safari, hali ya hewa na video, hutoka bodi ya kwanza kwenda ya pili. Ukiomba, omba kwa jina la hii.

Sasa siri ya ufundi. Viambatisho vya ripoti hizi hupangwa kwa herufi, na kwenye ripoti za miaka ya karibuni herufi hizo karibu hazibadiliki. Kiambatisho L ni data, sauti na video za vinasa vya ndani ya ndege. S ni picha na video zinazoweza kutolewa. Z ni picha na video ambazo hazikuingia S. Ukiandika "video zilizo katika Kiambatisho S", karani hahitaji kumpigia simu rubani, fundi wala kamanda. Anafungua folda. Ule muda wa askari uliokuwa uupoteze umebaki kwa askari.

Wanamaji na Jeshi la Nchi Kavu wana mpangilio wao, lakini ukuta kati ya uchunguzi wa usalama na ule wa kisheria upo kotekote.

Hatua ya 4: Chagua mlango

Kila jeshi lina mlango wake. Kituo cha Usalama cha Jeshi la Anga kiko kambi ya Kirtland, New Mexico. Kamandi ya Usalama ya Wanamaji iko Norfolk, Virginia. Jeshi la Nchi Kavu lina kituo chake Fort Rucker, Alabama. Kama hujui pa kuanzia, tovuti ya foia.gov itakuelekeza kwenye ofisi ya maombi inayohusika. Usitume ombi moja ofisi tano kwa mpigo. Yote yataishia kwenye meza ileile, na mwenye meza atakukumbuka.

Hatua ya 5: Andika ombi fupi linaloweza kutimizika

Nitatumia ajali ya F-16 ya kikosi cha maonyesho cha Thunderbirds kambini Mountain Home, Idaho. Video yake ilishatoka zamani, kwa hiyo tafadhali usiende kumsumbua karani kwa mfano wangu. Barua utaiandika kwa Kiingereza, ila mimi huipanga kwanza kwa Kiswahili, maana Kiingereza cha ofisi hunitia maneno mengi yasiyo na kazi:

"Kwa mujibu wa Sheria ya Uhuru wa Habari, naomba nakala za video zilizoambatishwa kwenye ripoti ya Bodi ya Uchunguzi wa Ajali kuhusu F-16 iliyoanguka tarehe 14 Septemba 2003, kambi ya Mountain Home, Idaho. Siombi rekodi za uchunguzi wa usalama. Siombi sauti za ndani ya ndege wala picha za majeruhi. Mimi ni mtu binafsi na sina nia ya biashara. Niko tayari kulipa hadi dola 25; gharama ikizidi hapo, naomba niulizwe kwanza. Faili za kielektroniki zinanitosha. Kama kuna sehemu isiyoweza kutolewa, naomba zilizobaki."

Imekwisha. Hakuna "mimi ni shabiki mkubwa tangu utotoni".

Kila mstari una kazi yake. Tarehe, mahali na aina ya ndege vipo kwa sababu sheria inataka uieleze rekodi kiasi cha mtumishi kuipata bila kubahatisha. Mimi niliwahi kuomba video zote za ajali zote za F-14, ndege iliyotumika zaidi ya miaka 30. Nikajibiwa kwa adabu nipunguze. Mstari wa "mtu binafsi" unakuweka kwenye kundi linalopewa saa mbili za kutafutiwa na kurasa 100 bila malipo. Na omba rekodi, usiulize swali. "Kwa nini rubani alichelewa kujirusha?" si ombi la rekodi, na ofisi haina wajibu wa kulijibu. Kwa ajali hii jibu lilikuwemo kwenye ripoti: alianza kugeuza ndege kuelekea chini akiwa futi 1,670 juu ya ardhi badala ya 2,500, akajirusha sekunde 0.8 kabla ya ndege kugonga. Akapona.

Mstari wa sauti nao una sababu. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Favish, ilisema familia ya marehemu ina haki ya faragha juu ya picha za kifo chake. Ukiomba sauti za mwisho za mtu, ofisi italazimika kufikiria familia, wanasheria wataitwa, na hata ile video ya nje isiyo na ubishi itakwama nyuma yao. Ukiniuliza mimi, hata zingetolewa nisingezitaka.

Kama ajali ni ya mwezi huu, usitume. Uchunguzi haujakwisha, na jibu utakalopata ni hilohilo. Weka alama kwenye kalenda, rudi ripoti ikitoka.

Hatua ya 6: Subiri

Sheria inatoa siku 20 za kazi, na 10 zaidi penye sababu maalumu. Uhalisia ni miezi. Tunza nambari ya ufuatiliaji, na ukiuliza hali ya ombi, uliza kwa nambari hiyo na kwa sentensi moja. Ukikataliwa una angalau siku 90 za kukata rufaa. Soma kifungu walichotaja, jibu hicho tu. Kuna pia ofisi ya usuluhishi ndani ya Nyaraka za Taifa inayosaidia waombaji waliokwama, bila malipo.

Hatua ya 7: Ikifika

Hifadhi faili kama lilivyokuja, fanyia kazi nakala. Kisha hakikisha ni ajali uliyoomba. Kanda za kamera za sitaha ni rahisi kidogo: katikati ya skrini kuna msalaba wa mistari, pembeni tarehe na saa. Ndege kwa mbali ni taa tu inayochezacheza ndani ya msalaba, halafu ghafla ina mabawa. Linganisha saa ya skrini na saa ya ripoti, ila angalia, moja inaweza kuwa ya Greenwich na nyingine ya pale ndege ilipo. Niliwahi kukesha nikidhani nimepewa kanda ya siku nyingine, kumbe tofauti ilikuwa ya saa tu.

Kazi za serikali ya Marekani hazina hakimiliki ndani ya nchi hiyo, kwa hiyo unaweza kuonyesha wengine. Weka tarehe, mahali na kiini cha ripoti pamoja na video. Mimi hukata pale ndege inapogusa ardhi kama kuna aliyekufa.

Na lipe faili jina siku hiyohiyo: mwaka, mwezi, siku, aina ya ndege, mahali, nambari ya ombi. La kwanza kabisa kunifikia nililiita "video mpya 2", na mpaka leo sijui ni ya ajali ipi.