Jinsi ya Kupima Ukinzani wa Hewa wa Beetle ya Zamani Barabarani

Volkswagen Beetle yenye injini ya cc 1200 na nguvu ya farasi 34 huishia kilomita 115 hivi kwa saa. Ikifika hapo, sehemu kubwa ya nguvu inaliwa na hewa. Mviringo wake unadanganya macho: Cd, yaani kizigeu cha ukinzani (kikiwa kidogo, gari linapasua hewa kwa urahisi), ni kama 0.48, ilhali Citroën DS ya 1955 iko chini ya 0.40. Kujua gari lako lina ngapi, unahitaji barabara, simu yenye GPS na mtu wa kuandika.

Anza na ukinzani usio wa hewa. Piga jeki, zungusha kila gurudumu kwa mkono; breki inayogusa ngoma hata kidogo itakuharibia hesabu. Jaza upepo wa tairi kama kitabu cha gari kinavyosema, funga vioo, kisha tembea kilomita 20 ili oili ya giaboksi ipate moto. Pima gari kwenye mizani mkiwa ndani wote wawili. Ongeza asilimia 3 hadi 4, maana magurudumu yanayozunguka nayo yanagoma kusimama. Kilo 870 zinakuwa 900.

Barabara iwe tambarare, imenyooka, haina magari; nenda alfajiri upepo ukiwa umelala. Mteremko wa asilimia 1, ambao jicho halioni, unalisukuma gari hili kwa nyutoni 85 hivi, na ukinzani wa hewa kwenye kilomita 95 kwa saa ni kama nyutoni 350 tu. Ndiyo maana unapima kwenda na kurudi, mara tatu kila upande, na kuchukua wastani.

Kimbiza hadi 105, kanyaga klachi, toa gia, achia klachi. Injini iendelee kunguruma: ukizima, kwenye gari lenye kufuli ya staringi ufunguo ukipitiliza staringi inajifunga na umekwisha. Msaidizi aandike sekunde za kushuka kutoka 100 hadi 90, kisha kutoka 40 hadi 30. Mshale wa dashibodi usiuamini, mara nyingi huzidisha. GPS ya simu nyingi nayo husoma mara moja tu kwa sekunde. Kosa la nusu sekunde kwenye sekunde 5 ni asilimia 10, na hilo nalo hupunguzwa na wastani.

Tuseme umepata sekunde 5.2 na 13.9. Kwa kasi hizi mbili pekee, hesabu ni: uzito (zile kilo 900) × 0.0092 × (1/5.2 − 1/13.9), gawa kwa uzito wa hewa. Pwani, kama Mombasa, hewa ni kilo 1.17 kwa mita ya ujazo, na jibu, yaani Cd mara eneo la mbele, ni 0.85. Gawa kwa eneo la uso wa mbele, mita za mraba 1.8: Cd ni 0.47.

Sasa funga keria juu, rudia. Linganisha jibu jipya na zile 0.85, achana na Cd, kwa sababu keria inabadilisha na eneo pia.

Ukipimia Nairobi tumia 0.97 badala ya 1.17. Hewa kule ni nyepesi kwa asilimia 17, lakini usitarajie kasi: injini ya kabureta inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho, na ukinzani wa tairi haupungui kwa sababu ya mwinuko.