Namna ya Kumkinga Mgonjwa Wako na Maambukizi ya Wodini

Maambukizi ya hospitalini ni yale ambayo mgonjwa hakuja nayo, na kwa kawaida huhesabiwa hivyo yakijitokeza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja, na kwa wastani mmoja kati ya 10 walioambukizwa hufariki. Wazee, watoto njiti, wenye kisukari na walio mahututi wamo hatarini zaidi.

Anza na mipira aliyowekewa mgonjwa, kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya vijidudu kuingia mwilini. Hatari ya mpira wa mkojo huongezeka kila siku unapobaki. Hivyo daktari anapopita raundi asubuhi, muulize kwa heshima kama bado unahitajika. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu. Angalia hasa mgonjwa anapopelekwa kupigwa picha, maana mara nyingi mfuko huo huwekwa juu ya tumbo lake kwenye machela, na mkojo uliokwisha kutoka hurudi ndani. Kanula, yaani kimrija cha kupitishia dripu kwenye mshipa, nayo ikaguliwe kila siku: ngozi ikiwa nyekundu, ikivimba au ikiuma, mwite muuguzi papo hapo, wala usingoje dripu igome.

Anayesubiri upasuaji aoge kwa sabuni na asijinyoe kwa wembe nyumbani, kwani mikwaruzo midogo isiyoonekana hukaribisha vijidudu.

Nawa mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa: kwa maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, au kwa kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30. Ukimsaidia mgonjwa wa kitanda cha jirani, jambo jema kabisa, nawa tena kabla ya kurudi kwa wako. Kumwomba mhudumu anawe si utovu wa adabu.

Mkiruhusiwa kurudi nyumbani, endeleeni kukiangalia kidonda cha upasuaji kwa siku 30. Kikitoa usaha, kikiachia au mgonjwa akipata homa, rudini hospitali siku hiyohiyo badala ya kununua antibayotiki dukani.